Shemeji, hiyo shule ya bure niliipigia kura

Shemeji yangu wa Uvira, Congo, alituma sauti ya dakika sita kwenye kundi la familia, akaniuliza mbele ya wakwe na wajukuu: watoto wako wanne wanasoma bure, wanakula bure shuleni, vitabu wanapewa, sasa minervali, ada ya shule ya hawa wangu wawili, inakushindaje? Kabla sijajibu, yaya wangu, mkubwa wangu kwa kuzaliwa, aliyeko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akaongeza la kwake: wanawe wakifika Marekani wataingia darasa la ngapi? Halafu kijana wa baba mdogo, yule wa bodaboda pale Kigoma, akatupia swali lake na vicheko vitatu: eti ni kweli mtoto wa Marekani ukimchapa anakupigia polisi?

Nilizisikiliza zote nikiwa kazini, nakunja mashuka ya hoteli. Sikujibu siku hiyo kwa sababu nilikasirika, na mama alinifundisha nisijibu nikiwa na hasira. Leo nimetulia. Naandika badala ya kutuma sauti kwa sababu nawajua: sauti yangu mtaisikiliza nusu, ile nusu yenye neno "dola".

Kwanza mjue ninapoishi, maana mkisikia Marekani mnaona majengo ya New York. Mji wetu unaitwa Winooski, uko jimbo la Vermont, kaskazini kabisa, si mbali na mpaka wa Kanada. Una watu kama 8,000. Kambi ya Nyarugusu tuliyoiacha ina watu zaidi ya mara kumi ya hao. Unaweza kuuvuka mji mzima kwa miguu kabla chai haijapoa, isipokuwa wakati wa theluji, ambapo chai inapoa ukiwa bado mlangoni unafunga viatu. Jina lenyewe ni la wenyeji wa asili, Waabenaki, lina maana ya kitunguu pori. Zamani ulikuwa mji wa viwanda vya nguo za sufu kando ya mto, na waliofanya kazi humo wengi walikuja kutoka Quebec, wanaongea Kifaransa. Viwanda vilifungwa mwaka 1954. Baridi ya hapa ni ya namna yake: mwaka 1979 viongozi wa mji waliwaza kwa dhati kuufunika mji wote kwa paa moja kubwa la mviringo ili wapunguze gharama za kupasha nyumba joto. Watu walikutana, wataalamu wakaitwa, mwisho likafa. Kila Januari nikisimama kituo cha basi namkumbuka aliyetoa wazo hilo na kumwombea heri.

Sasa shule. Huku wanasema "wilaya ya shule", na neno hilo litawapoteza, kwa sababu mtafikiria mkuu wa wilaya na gari lenye bendera. Ni kitu kingine. Ni kama serikali ndogo ya shule peke yake, yenye bajeti yake na bodi yake. Wilaya nyingine ni kubwa, zina shule makumi. Yetu ni mji huu tu, na watoto wote, kuanzia chekechea mpaka wale wenye ndevu wanaomaliza sekondari, wako kwenye kampasi moja. Ni kama 800 hivi. Kitinda mimba wangu na kifungua mimba wangu walikuwa wanatoka nyumbani asubuhi pamoja na kuingia eneo moja, mmoja akiwa na mdoli, mwingine akijifanya hamjui.

Nani mwenye shule hiyo? Hapo ndipo nataka mnisikilize polepole. Bodi inachaguliwa na watu wa mji. Bodi ndiyo inayomwajiri mkurugenzi. Rais wa Marekani hamteui, gavana hamteui. Na kila mwaka, Jumanne ya kwanza ya Machi, wakazi wanaletewa bajeti ya shule kwenye karatasi ya kura: mnakubali shule itumie fedha hizi, ndiyo au hapana. Wakisema hapana, bodi inarudi mezani, inapunguza, inaleta tena. Mwaka 2019 watu wa hapa waliulizwa kama wanakubali kukopa karibu dola milioni 58 ili jengo likarabatiwe na kupanuliwa. Mji wa watu 8,000! Wakakubali. Sisi tulipohamia mwaka 2021, mafundi walikuwa bado wanagonga.

Nilikuwa naona mambo haya kama ya wenyewe. Mimi nimezaliwa Uvira mwaka 1986. Nimekimbia nikiwa na miaka kumi, nikaishi kambini miaka 22. Congo sikuwahi kupiga kura kwa sababu niliondoka mtoto. Tanzania nilikuwa mkimbizi, nani atampa mkimbizi kadi ya kura? Hata mwenyekiti wa kijiji kule kambini, nyinyi mnajua alivyokuwa anapatikana. Kumbe mji huu ulikuwa umeomba jambo la ajabu: mtu anayeishi hapa kihalali, hata kama si raia, apige kura ya mambo ya mji na ya shule. Kura ya rais hapana, ya bunge hapana, ya hapa nyumbani tu. Gavana wa jimbo, Phil Scott, alikataa kusaini. Bunge la jimbo likaipindua kura yake ya turufu Juni 2021, ikawa sheria. Baadaye watu wa chama chake, Republican, walikwenda mahakamani kupinga utaratibu huo, wakashindwa.

Kwa hiyo Machi 2022, na mwaka sijamaliza mjini hapa, nilikwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza maishani, nikiwa na miaka 36 inayobisha hodi. Mume wangu aliniuliza njiani, kwa sauti ya chini kama tuko kwenye kizuizi cha wanajeshi: "Na tukiandika hapana, wanatufukuza?" Nikamwambia sijui, sisi tuandike ndiyo. Hatukuulizwa kabila. Hapakuwa na wino wa kidoleni, jambo lililonisikitisha kidogo, kwa sababu nilitaka kupiga picha ya kidole niwatumie. Nilijaza kiduara mbele ya jumla ya fedha ambayo tarakimu zake sikuweza kuzisoma kwa Kiingereza bila kusimama katikati. Nilipotoka nilikaa kwenye benchi, kwenye baridi ile, mpaka mume wangu akadhani naumwa.

Shemeji, bure yenyewe ndiyo hiyo. Fedha zile zinatoka wapi? Zinatoka kwenye kodi za jimbo, kubwa kabisa ikiwa kodi ya nyumba na ardhi. Mimi sina nyumba. Lakini mwenye nyumba wangu akipandishiwa kodi yake, hakai nayo moyoni, ananipandishia pango. Nalipa dola 1,900 kwa mwezi kwa vyumba vitatu. Nikikunja mashuka napata dola 19 kwa saa, kabla ya makato. Piga hesabu mwenyewe, wewe ni mtu wa duka. Unaniambia shule ni bure kama vile imeanguka kutoka mbinguni. Kule kwetu tulilipa prime, ile nyongeza ya mshahara wa mwalimu, mkononi, mtoto akishindwa anarudishwa nyumbani saa nne asubuhi, kila mtu anaona. Huku unalipa usipoona, na hakuna mtoto anayerudishwa. Tofauti hiyo ni kubwa sana, siwezi kuidharau. Lakini anayelipa yupo.

Na wanaolipa wanachoka. Vermont ina wazee wengi ambao watoto wao walishamaliza shule zamani. Mzee wa namna hiyo akiletewa kodi imepanda, anakwenda kwenye kura na hasira yake. Machi 2024 karibu theluthi moja ya bajeti za shule katika jimbo zilikataliwa kwa kura. Zikikataliwa, anayekatwa kwanza ni nani? Mara nyingi ni mwalimu wa muziki, msaidizi wa darasani, watu wanaomshika mkono mtoto kama wa yaya anapofika hajui hata kuomba ruhusa ya choo. Ipo sheria ya mwaka 2022 iliyobadilisha hesabu, ikasema mtoto anayejifunza Kiingereza na mtoto wa familia maskini wahesabiwe uzito zaidi fedha zinapogawanywa, kwa sababu kumfundisha kunagharimu zaidi. Wilaya kama yetu, yenye lugha zaidi ya 20, ilikuwa inaisubiri kwa hamu. Wengine hawakuipenda, kwa sababu kwao ilimaanisha kodi. Nikimwona mzee jirani yangu anatoa theluji mlangoni najiuliza alijaza kiduara kipi. Sijawahi kumuuliza. Ananisalimia vizuri.

Chakula ni kweli. Asubuhi na mchana watoto wote wanakula bila kulipa, awe wa daktari au wa mkunja mashuka, na tangu 2023 ni sheria ya jimbo zima. Kitinda mimba anasema wali wa shule hauna mafuta.

Yaya, sasa wewe, na hapa sitakuficha. Darasa wanampangia mtoto kwa umri. Hawaangalii sana buleteni, karatasi ya alama. Sisi tulipofika 2018 tulishushwa mji mwingine, jimbo jingine ambalo silitaji. Kifungua mimba wangu alikuwa na miaka 15. Unamkumbuka, kule kambini alikuwa amekwama msingi, mwaka mmoja malaria, mwaka mwingine alikuwa anachunga mbuzi za watu. Wakamwingiza sekondari moja kwa moja, na watoto wanaosoma hesabu za herufi. Kiingereza alichojua ni "good morning teacher". Alikaa nyuma miaka miwili, hana fujo, anatabasamu, na kila muhula anafaulu. Nikamshukuru Mungu. Wazazi walipoitwa nilikwenda, mkalimani hakuwepo, wakamwambia yeye mwenyewe anitafsirie. Mwalimu aliongea muda mrefu, uso umekunjamana. Mwanangu akanigeukia: "Mama, anasema mimi ni kijana mzuri, nina heshima." Maneno yote yale, heshima tu! Nikampa mwalimu mkono na kucheka naye. Mwaka ule ule nilimpa barua ya umeme anisomee, mtoto wa darasa la kumi, akashindwa. Nilijifungia bafuni.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inaizuia shule inayopokea fedha za serikali kumbagua mtu kwa asili yake, na kwamba kumkosesha mzazi lugha anayoielewa kunahesabiwa humo. Mkalimani ni wa kudaiwa. Mtoto hapaswi kutafsiri mambo yake mwenyewe. Andika neno hilo ukutani. Ukifika popote Marekani, hata kijiji cha ng'ombe, sema "Swahili interpreter" na unyamaze mpaka aje. Usione haya. Haya yangu ilimla mwanangu miaka miwili.

Tulihamia hapa kwa sababu ya binamu ya mume wangu aliyesema kuna watu wa shule wanaopiga simu kwa Kiswahili. Sikuamini. Wiki ya kwanza simu ikalia, mtu anasema "Shikamoo mama, naitwa fulani, nafanya kazi shuleni." Shikamoo, Vermont! Kazi yao ni kuunganisha familia na shule: Kiswahili, Kinepali, Kisomali na nyingine. Anakueleza karatasi, anakuja nyumbani, anakukumbusha koti la theluji kwa sababu huku watoto wanatolewa nje kucheza hata baridi ikiwa nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Na jimbo hili lina utaratibu kwamba sekondari humalizi kwa kukaa tu kwenye dawati. Unatakiwa uonyeshe unachokijua, somo kwa somo. Wengine wanaulalamikia, wazazi wa Kimarekani hasa, wanasema alama hazieleweki. Mimi kwangu ulikuwa dawa chungu. Mwanangu alirudishwa kwenye kusoma silabi akiwa na miaka 18, na mwalimu aliyekuwa akikaa naye pembeni saa za mchana. Akalia, akasema anaacha. Baba yake akamwambia neno ambalo siliandiki hapa. Alimaliza akiwa amewapita wenzake umri kwa miaka miwili, na sasa anafanya kazi ya mabomba ya maji na fundi mmoja, anapata zaidi yangu. Daktari hajawa. Wale mnaouliza "mmoja wenu ameshakuwa daktari?" jibu ni hilo.

Wa pili na wa tatu wako sawa, kwa sababu walikuja wadogo. Yule wa pili alikuwa anajua sehemu na desimali kwa Kifaransa cha Nyarugusu kuliko wenzake wa hapa, akapata heshima kwanza kwenye hesabu, Kiingereza kikafuata. Kwa hiyo yaya, usiruhusu mtu akuambie masomo ya kambini ni bure hayafai. Wakazanie hesabu. Mpira pia ni lugha.

Kitinda mimba ndiye anayeniumiza. Kiswahili chake kimekuwa cha kuombea chakula tu. Nikimgombeza ananijibu kwa Kiingereza, na nusu ya matusi yake siyaelewi, kwa hiyo sijui kama ananiheshimu au hapana.

Kijana wa baba mdogo, na wewe ujibiwe. Mwalimu hapa haruhusiwi kuchapa, ni sheria ya jimbo. Na mwalimu akiona alama kwenye mwili wa mtoto, sheria inamlazimisha kutoa taarifa; hana ruhusa ya kusema "haya ni ya familia yao". Mtoto hapigi simu. Mwalimu ndiye anayepiga. Kule mji wa kwanza baba mmoja tuliyekuja naye ndege moja alimchapa binti yake kwa waya wa chaja, kesho yake jioni wakaja wanawake wawili na karatasi. Watoto hawakuchukuliwa, lakini walitembelewa miezi mingi, na yule baba aliacha kabisa kuzungumza na watoto, akaona ndiyo usalama. Sasa watoto wanaishi na mtu bubu. Mimi nanyang'anya simu. Inauma kuliko fimbo, wameniambia wenyewe.

Kuna jambo mlilisikia juu juu na mkaniuliza kwa siri. Ndiyo, watu wana hofu. Tangu Rais Trump arudi, hata wenye karatasi kama sisi tunatembea nazo. Februari 2025 bodi ya shule yetu ilipitisha sera ya kuwalinda wanafunzi: maofisa wa uhamiaji hawaingii maeneo ya shule bila hati ya hakimu. Julai mwaka huo huo mkurugenzi wetu wa shule, Wilmer Chavarria, mtu wa asili ya Nicaragua na raia kamili wa Marekani, alikuwa anarudi kutoka kuona ndugu zake, akazuiliwa saa kadhaa uwanja wa ndege wa Houston, simu na kompyuta zikapekuliwa. Ilitangazwa kwenye magazeti. Mume wangu alisema kama mkurugenzi anapekuliwa, sisi ni nani, akataka tuahirishe safari ya Kigoma. Tumeahirisha. Hiyo ndiyo sababu ya kweli, sikuwaambia wakati ule, niliwaambia nauli.

Shule haiulizi hati ya uhamiaji unapoandikisha mtoto. Mahakama kuu ya nchi iliamua mwaka 1982 kwamba kila mtoto aliye ndani ya nchi anasoma, awe na karatasi au hana. Uamuzi huo bado upo.

Shemeji, nimezungumza na mume wangu. Nitamlipia yule wa mwaka wa mwisho anayekwenda kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na ada ya mtihani wenyewe. Wa pili sitamuweza mwaka huu. Usinipigie kuniuliza tena, na usimpigie kifungua mimba wangu kwa mlango wa nyuma, ameniambia ulijaribu.

Yaya, najua amri ya kufunga mlango wa wakimbizi ilisainiwa tarehe 20 Januari 2025 na faili lako limelala. Mimi si mtu wa kukuambia litaamka lini. Lakini kadi za chanjo za watoto ndizo kitu cha kwanza shule itakachodai, na yule wangu wa tatu alirudia sindano zote kwa sababu kadi yake ililowa mvua pale Kasulu. Zipige picha leo, pande zote mbili, na buleteni zao hata za alama mbaya. Nitumie asubuhi ya kwenu, nitakuwa bado niko zamu.